Breki Zinapotetema Katika Mwendo wa Kasi

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Gari nalo lina mawingu yake. Kabla halijamwangusha mwenyewe njiani, aghalabu huwa limekwisha kumwonya kwa harufu, kwa sauti au kwa kutikisika, ila mwenyewe hakutaka kusikiliza. Leo, ndugu msomaji, tutazungumzia onyo mojawapo ambalo wenye magari wengi wamelizoea hata wakalidharau: ule mtetemo unaoushika usukani pale dereva anapokanyaga breki akiwa katika mwendo wa kasi.

Chukua mfano wa familia iliyo safarini kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Gari limetulia, mshale unaonyesha kilomita 100 kwa saa, watoto wamelala kiti cha nyuma. Mara kinatokea kibao cha 50 mwanzoni mwa kijiji. Dereva anakanyaga breki, na hapo usukani unaanza kumtetema mikononi kana kwamba gari limeingia katika barabara ya makorongo. Mwendo ukishuka hadi kilomita 60 hivi, mtetemo unakwisha kama haukuwapo. Mwenzake aliyeketi kando anauliza kuna nini. Jibu ni lile lile la siku zote: "Diski zimepinda. Tukirudi nitanunua nyingine."

Maneno hayo, "diski zimepinda", yamewatoa watu fedha nyingi bure. Diski zinanunuliwa, gari linatulia, na baada ya kilomita elfu chache mtetemo unarudi. Mwenye gari anamlaumu muuza vipuri, muuza vipuri anamlaumu fundi, na fundi anailaumu barabara. Kumbe mara nyingi ugonjwa wenyewe haukutibiwa hata kidogo. Hapana budi tujifunze kuupima kwanza, ndipo tutie mkono mfukoni.

KWA NINI KATIKA KASI TU?

Diski ni sahani ya chuma iliyofungwa juu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, nayo huzunguka pamoja na gurudumu. Dereva anapokanyaga breki, kalipa huzibana pedi mbili, moja kila upande, zikaishika sahani hiyo. Kama unene wa diski ni sawa pande zote, mbano huwa sawa na gari husimama kwa upole. Kama kuna mahali ni pana kuliko pengine, kila mahali hapo panapopita pedi husukumwa, na breki hushika kwa nguvu na kulegea, kushika na kulegea.

Tufanye hesabu kidogo. Gurudumu la gari dogo lina mzingo wa karibu mita 2. Gari linapokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kwa sekunde moja, maana yake kila gurudumu huzunguka kiasi cha mara 14 kwa sekunde. Diski yenye sehemu moja nene itazipiga pedi mara 14 kila sekunde. Sasa fikiri juu ya bembea ya watoto. Ukiisukuma ovyo haiendi mbali, lakini ukiisukuma kwa wakati wake, msukumo mdogo tu huirusha juu. Usukani na mikono inayoyashika magurudumu ya mbele ina wakati wake pia, na mapigo ya kasi ya barabara kuu huangukia papo hapo. Ndiyo sababu ugonjwa ule ule haujulikani mjini, katika mwendo wa kilomita 40.

Na kasoro yenyewe haihitaji kuwa kubwa. Tofauti ya unene ya milimita 0.02, ambayo ni pungufu ya unene wa unywele wa binadamu, yaweza kutosha kumsumbua dereva. Jicho haliwezi kuiona. Kwa hiyo fundi anayeitazama diski mara moja na kutangaza kwamba imepinda, anabahatisha.

MASWALI MATATU

Kabla ya kwenda gereji, mwenye gari na ajiulize maswali matatu. Majibu yake yatamsaidia fundi kuliko malalamiko ya saa nzima.

Swali la kwanza: Je, gari hutetema wakati wa kukanyaga breki tu, au hata mguu ukiwa mbali na breki? Gari linalotetema kati ya kilomita 80 na 110 bila breki kuguswa, aghalabu lina ugonjwa wa magurudumu: hayakubalansiwa, ringi imepigwa na shimo, au tairi limevimba. Likitetema wakati wa kukanyaga mafuta, tazama shafti na viungio vyake. Kununua diski kwa maradhi hayo ni kumpa dawa ya macho mgonjwa wa tumbo.

Swali la pili: Mtetemo unausikia wapi? Ukiwa mikononi, katika usukani, elekeza macho kwenye magurudumu ya mbele. Ukiwa katika kiti na sakafu, huku usukani umetulia, shuku yaelekea nyuma. Msisahau kwamba magari mengi yana ngoma badala ya diski katika magurudumu ya nyuma, nazo ngoma zikipoteza uduara wake na kuelekea umbo la yai huleta mtetemo huo huo.

Swali la tatu: Hutokea kila mara, au siku maalumu? Gari lililolala nje siku nyingi wakati wa masika, hasa huku pwani kwenye hewa ya chumvi, huota kutu juu ya diski, isipokuwa pale pedi zilipokuwa zimegusa. Mtetemo wa namna hiyo kwa kawaida huondoka baada ya kushika breki mara kadhaa. Tena, gari lenye mfumo wa ABS hupigapiga kanyagio la breki kwa haraka wakati wa kusimama kwa dharura au katika njia yenye utelezi. Huo si ugonjwa. Ni mfumo unafanya kazi yake ya kuzuia magurudumu yasifunge, na dereva asitoe mguu.

CHANZO CHENYEWE

Sasa tuje kwenye kiini. Chuma cha diski si bati, wala hakijikunji hovyo kwa breki za kawaida. Katika magari mengi yanayotetema, kilichotokea ni kwamba unene wa diski umekuwa si sawa. Na unene hupotea kwa njia kuu mbili.

Njia ya kwanza huanza siku ile ile diski mpya inapofungwa. Habu ya gari la zamani ina kutu. Fundi mwenye haraka huipachika diski juu ya kutu hiyo. Weka sahani juu ya meza yenye punje ya mchele chini yake, nawe utaona inavyokaa upande. Diski nayo hukaa hivyo, ikawa inayumba kidogo kila inapozunguka. Watengenezaji wengi hawapendi iyumbe zaidi ya milimita 0.05 hadi 0.1 ikiwa imefungwa garini. Nati za gurudumu zilizokazwa moja kwa nguvu zote na nyingine nusunusu huleta balaa hiyo hiyo. Siku za kwanza dereva hasikii kitu, kwa sababu kalipa huweza kuufuata myumbo huo. Lakini mahali palipojitokeza huendelea kuzigusa pedi hata wakati breki haikukanyagwa, kilomita baada ya kilomita, mpaka panalika. Ndipo mtetemo huzaliwa, na lawama humwangukia muuza duka.

Njia ya pili ni joto. Dereva ameteremka mlima kama Kitonga, njia ya Iringa, mguu juu ya breki tangu juu hadi chini. Amefika chini, amesimama, na bado ameubana mguu palepale. Pedi zilizopata moto mkali huacha alama ya utandu wake juu ya diski iliyosimama. Tangu siku hiyo sehemu hiyo hushika tofauti na nyingine. Kalipa iliyokwama kwa sababu pini zake zimekauka grisi hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa pedi zake haziachii. Dalili yake ni gurudumu moja kuwa na joto kuliko wenzake baada ya safari, au gari kuvutia upande mmoja. Sogeza kiganja karibu na ringi, lakini usiiguse diski. Itakuunguza vibaya.

LA KUMWAMBIA FUNDI

Fundi mwema, awe wa gereji kubwa au wa chini ya mwembe, hataudhika kuombwa kazi ya utaratibu. Mwombe kwanza alipandishe gari kwa jeki, aliegemeze juu ya stendi imara, kisha akague beringi, boljointi, ncha za tairodi na bushi. Vitu hivi vikilegea havianzishi mapigo ya breki kwa kawaida, ila huyakuza, kama debe tupu linavyokuza kishindo.

Pili, apime. Unene wa diski hupimwa kwa maikromita mahali panane au zaidi kuizunguka sahani. Myumbo hupimwa kwa kipimo chenye sindano, diski ikiwa imekazwa kwa nati kama inavyokuwa barabarani. Asiye na vipimo hivyo na aazime kwa mwenzake, kwa maana gharama ya kuazima ni ndogo kuliko diski mbili.

Tatu, asafishe habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kisha apime myumbo upya. Ukibakia, aizungushe diski tundu moja mbele, aifunge na kupima tena, kwani wakati mwingine hilo tu hutosha. Diski yenye unene wa kutosha yaweza kukerezwa ikawa sawa. Lakini kila diski ina kiwango cha mwisho cha unene, nacho aghalabu huchongwa ukingoni mwake au kwenye kitovu chake. Ikipita hapo haikerezwi tena. Hubadilishwa, na ya upande wa pili pamoja nayo.

Nne, nati zikazwe kwa kupishana, kama mtu achoraye nyota, wala si kwa kuzunguka mduara. Yafaa kutumia toki-renchi, ile spana ipimayo mkazo. Magari mengi madogo ya Toyota, kwa mfano, huhitaji takriban nyutoni-mita 103. Na ukibadilisha tairi mwenyewe njiani, kanuni ni hiyo hiyo.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa. Tafuta njia iliyo wazi, shika breki kwa kiasi kutoka kilomita 60 hadi 15 kwa saa bila kusimama kabisa, kisha endesha kidogo zipoe. Rudia kiasi cha mara kumi. Katika mteremko mrefu tumia gia ndogo, hata kama gari ni la otomatiki, ili injini ibebe mzigo na breki zipumzike. Ukifika chini usisimame mara moja. Endesha taratibu ziingie hewa. Wala usilikimbize gari kwenye maji ya baridi diski zikingali moto.

USISUBIRI

Yako mambo mawili ambayo hayangoji mwisho wa mwezi. Kanyagio likizama au likiwa laini kama sifongo, hasa baada ya mteremko, huenda maji ya breki yamechemka au yanavuja. Na mtetemo ukifuatana na sauti ya chuma kusaga chuma, pedi zimekwisha. Katika hali hizo gari lisimamishwe mahali salama na lisiendelee na safari mpaka litazamwe.

Mtetemo wa kawaida hauui siku ya kwanza, na ndiyo maana watu huuzoea. Lakini humfundisha dereva tabia mbaya: huanza kuogopa kukanyaga breki, akakanyaga nusu, akachelewa. Siku mtoto au ng'ombe anapokatiza barabara, nusu hiyo ndiyo itakayopungua. Zaidi ya hayo, sehemu zinazotikiswa mara 14 kwa sekunde hulegea mapema kuliko umri wake.

Basi, ndugu msomaji, safari ijayo usukani ukikutetemea mbele ya kibao cha 50, usikimbilie kuagiza diski. Andika katika kijitabu ulikuwa mwendo gani, umeusikia wapi, na kama ulikoma ulipotoa mguu. Mpelekee fundi kikaratasi hicho, na umwombe akuonyeshe habu iliyosafishwa kabla hajapachika sahani mpya juu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mambo ya breki, ukuta huo hujengwa kwa gharama ya watu uliowapakia.