Ugonjwa wa kukauka mate: ekografi yabaki nje ya vigezo, ingawa ndiyo iliyo karibu na mgonjwa

Mdomo unakauka kila siku, macho yanawasha kama yameingia mchanga, chakula hakimezeki bila maji. Dalili hizo zinaweza kuwa za ugonjwa wa Sjögren, ambamo kinga ya mwili inashambulia tezi za mate na za machozi. Unaitwa kwa jina la Henrik Sjögren, muganga wa macho wa Sweden aliyeueleza mwaka 1933. Karibu wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake.

Wataalamu wanajadiliana leo kuhusu namna ya kuziangalia tezi hizo. Vigezo vya mwaka 2016, vya vyama vya waganga wa viungo vya Marekani na Ulaya, vinahesabu alama. Kipande cha nyama kinachokatwa ndani ya mdomo wa chini kikionyesha shambulio, ni alama 3. Kingamwili anti-SSA katika damu, alama 3. Vipimo viwili vya macho na kimoja cha mate, alama 1 kila kimoja. Zinatakiwa alama 4. Hakuna picha hata moja katika hesabu hiyo.

Mwaka 2002 hali ilikuwa tofauti. Vigezo vya wakati ule vilikubali sialografi, yaani kuingiza dawa katika mfereji wa tezi kisha kupiga radio. Vilikubali pia sintigrafi, inayotumia teknetiamu yenye mionzi. Lakini sialografi inaweza kuuma. Nayo teknetiamu inapungua nusu kila saa 6, na inaonyesha kwamba tezi imelegea bila kusema sababu. IRM inaonyesha vizuri bila mionzi, ila ni ghali.

Ekografi haina sindano wala mionzi. Tezi nzima inaonekana laini na sawasawa. Iliyoshambuliwa inajaa madoa meusi. Kundi la kimataifa la OMERACT limepanga madhara hayo kwa ngazi, kutoka 0 hadi 3. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2020 zilionyesha kwamba ekografi ikipewa alama katika vigezo, vinabaki na uwezo wao wa kutambua ugonjwa.

Wanaositasita wana hoja. Matokeo yanategemea jicho la anayeshika mashine. Mwanzoni mwa ugonjwa tezi inaweza kuonekana nzima, na virusi vya UKIMWI au sarkoidosi vinaweza kuleta picha inayofanana. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi.

Kwa Kongo, mjadala huu unagusa mambo ya kila siku. Mashine ya ekografi inayopima wajawazito inaweza kuangalia tezi za mate, ikiwa na kichwa kinachofaa sehemu za juu juu za mwili. Kipimo cha anti-SSA na mtaalamu wa kusoma nyama kwa darubini ni vigumu zaidi kupatikana mbali na miji mikubwa. Hapo kinachohitajika kwanza ni mafunzo.

Kuchelewa kuna gharama. Bila mate, meno yanaoza haraka. Wagonjwa wengine wanapata limfoma, kansa inayoweza kuanzia katika tezi hizo hizo. Uvimbe wa shavu usioisha hautibiwi kwa kunywa maji mengi. Mgonjwa apelekwe akachunguzwe.