Ruzuku ya Shule Izingatie Umbali

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Musoma na kuamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa kuanza shule awe amepata nafasi darasani. Mpango wa awali ulikuwa umeiweka shabaha hiyo katika mwaka 1989. Azimio la Musoma lilihusu haki ya mtoto kupata nafasi. Limebaki swali la pili ambalo bado linangoja jibu kamili: kumfundisha mtoto huyo kunagharimu kiasi gani mahali pale alipo?

Tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne hutolewa bila ada, na Serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji moja kwa moja katika akaunti za shule. Utaratibu huo ulipoanza, kiwango cha shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, shilingi 4,000 zilitengwa kwa ununuzi wa vitabu na shilingi 6,000 zikaenda shuleni. Uamuzi huo ulimwondolea mzazi mzigo mzito, na wastahili pongezi. Lakini kiwango kilikuwa kimoja kwa Tanzania Bara nzima, mjini na kijijini.

Mkoa wa Mara waweza kuonyesha udhaifu wa hesabu hiyo. Kata ya Buhare imo ndani ya Manispaa ya Musoma. Mwalimu mkuu wa hapo akihitaji chaki, madaftari ya mahudhurio au fedha kutoka benki, mji u karibu naye. Aweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo na kukuta vipindi vikiendelea. Katika mkoa huo huo kiko kisiwa cha Rukuba, ndani ya Ziwa Victoria. Mwalimu wa kisiwani hana budi kupanda chombo, kungoja upepo utulie, na pengine kulala ng'ambo. Boksi la chaki ni lile lile na bei ya dukani ni ile ile. Lakini likifika ubaoni limekwisha beba nauli, malazi na vipindi ambavyo watoto walikaa bila mwalimu. Hali kama hiyo huvikuta vijiji vya Bunda na Butiama vilivyo mbali na barabara kuu, hasa wakati wa masika.

Idadi ya wanafunzi nayo huongeza tofauti. Kwa kiwango hicho cha shilingi 6,000, shule yenye wanafunzi 1,000 hupata shilingi 6,000,000 kwa mwaka, yaani 500,000 kwa mwezi. Yenye wanafunzi 200 hupata shilingi 1,200,000, yaani 100,000 kwa mwezi. Hata hivyo, shule zote mbili zina safari za benki, taarifa za kupeleka halmashauri, mitihani ya kuendesha na paa la kukarabati. Gharama hizo hazipungui mara tano kwa sababu wanafunzi ni wachache mara tano. Kwa kawaida shule ndogo ndiyo iliyo mbali, na kwa hiyo hupata kidogo zaidi pale inapohitaji kutumia zaidi.

Pengo hilo lazima lizibwe na mtu. Mara nyingine huzibwa na mshahara wa mwalimu, mara nyingine na michango ya wazazi. Hivyo mkulima au mvuvi aliye mbali na mji hujikuta akilipia umbali ambao hakuuchagua, ilhali elimu imetangazwa kuwa bila ada.

Wapo watakaosema kwamba kiwango kimoja ndicho usawa, na kwamba kuanza kutofautisha ni kufungua mlango wa upendeleo wa mikoa. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini dawa yake ni vigezo vinavyopimika na kutangazwa hadharani, na nchi hii imekwisha kuvitumia. Kanuni za kugawa ruzuku kwa halmashauri zilizoanza mwaka wa fedha 2004/2005 ziliiangalia sekta ya afya kwa idadi ya watu pamoja na umaskini, vifo vya watoto wadogo na urefu wa njia ambazo magari ya afya hupita. Katika elimu, kigezo kikuu kilikuwa idadi ya watoto wenye umri wa kwenda shule. Iwapo umbali huhesabiwa dawa zinapopelekwa zahanati, hakuna sababu usihesabiwe vitabu na chaki vinapopelekwa shuleni. Hata Uingereza, nchi ndogo yenye barabara nzuri, huongeza fedha kwa shule ndogo zilizo mbali na pia kwa maeneo ambako gharama ziko juu, kama London.

Marekebisho yanayohitajika si magumu. Kwanza, kila shule ipate kiasi cha msingi kisichotegemea idadi ya wanafunzi, ndipo hesabu ya kila mtoto ifuate. Pili, iwepo nyongeza ya umbali kutoka makao makuu ya halmashauri, na nyongeza nyingine kwa shule zifikiwazo kwa majini. Tatu, shule za mijini zisipunguziwe kilichopo, maana nazo zina msongamano na ankara za maji na umeme.

Hazina, TAMISEMI na Wizara ya Elimu ndizo zenye kauli ya mwisho. Hata hivyo, kazi yaweza kuanzia chini. Walimu wakuu waandike kila safari na gharama yake, kamati za shule zizithibitishe, na maofisa mipango wa halmashauri wazikusanye. Anayepanga bajeti hawezi kuhesabu asichoandikiwa. Azimio lililopitishwa Musoma liliahidi elimu kwa kila mtoto, na mtoto wa kisiwani alihesabiwa ndani ya ahadi hiyo. Ahesabiwe pia katika ruzuku.