Maji ya bwawa yakigeuka kijani



Mvua zimerudi, na swali lile limerudi pamoja nazo: mbona maji ya bwawa yamekuwa kijani kizito, na asubuhi tunakuta samaki wamekufa? Wengine wanasema jirani ametia sumu. Kabla ya kugombana, tuangalie kwanza juu ya kilima.

Ule ukijani ni vimea vidogo sana vinavyoitwa mwani. Chakula chake ni kile kile kinacholisha mahindi yetu: mbolea. Mvua ikipiga shamba lililo wazi kwenye mteremko, udongo mzuri, majivu na mavi ya mbuzi vinashuka bwawani, na mwani unashiba. Mchana unatoa hewa ndani ya maji, lakini usiku unaivuta. Ukifa na kuoza, hewa inapungua zaidi. Ndiyo maana alfajiri samaki wanapanda juu, midomo wazi.

Samaki nao wana sehemu yao. Tilapia anakula mwani. Lakini kuna wadudu wadogo wa majini wanaoula pia, na samaki wakiwamaliza wadudu hao, mwani unabaki bila wa kuupunguza. Katika Ziwa Kivu, sambaza waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950; baadaye mdudu mmoja mkubwa kati ya hao akatoweka. Ziwa Victoria nalo limepata yote mawili: sangara aliyeletwa miaka ya 1950 alikula samaki wadogo wengi, wakiwemo wala-mwani, na huku udongo wa mashamba na uchafu wa miji ukiendelea kuingia. Ukijani ukazidi sana.

Bwawa letu ni dogo, tunaweza kuliokoa:

- Tulime kwa kukata mteremko, si kwa kuufuata.
- Tuache majani marefu, hatua kumi hivi, kati ya shamba na maji.
- Tuchimbe mfereji juu ya bwawa, maji ya mvua yapite pembeni.
- Kizizi cha mbuzi kisikae juu ya chemchemi.
- Tupime kwa mkono. Ingiza mkono majini mpaka kwenye kiwiko. Kama ukijani unaficha vidole kabla maji hayajafika kiwiko, mbolea imezidi: acha kutia samadi na chakula, ingiza maji mapya.

Ukijani kidogo ni chakula cha samaki. Mwingi ni kifo chao.

Na neno la mwisho kwa ajili ya watoto. Kuna mwani wenye sumu, na kuchemsha maji hakuiondoi sumu hiyo. Maji yenye utando wa kijani juu, tusiwape watoto kunywa wala kuogea. Tuchote kwenye chemchemi safi, hata kama ni mbali.

Tuonane juma lijalo.