Mambo ya Afya Nyumbani: Majani au Dawa ya Chupani?

Wasomaji wetu, mara nyingi watu hushindana juu ya dawa ya kusukutua kinywa, fizi zikivimba na kutoka damu. Mmoja husema mwarobaini na karafuu zatosha. Mwingine hataki ila chupa ya duka la dawa. Leo twataka kuyapima maneno ya pande zote mbili, kwani akoseaye hapa aweza kupoteza meno yake.

Kwanza tujue asili ya ugonjwa. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, katika mji wa Aarhus huko Denmark, waliwaacha watu 12 wenye fizi nzima wasisafishe meno. Kabla ya siku 21 kwisha, fizi za wote zilikuwa zimevimba. Walipoanza tena kusafisha, zikapona. Basi mzizi wa ugonjwa ni ukoga, yaani utando wa vijidudu ushikao penye shina la jino.

Katika dawa za chupani iliyo mashuhuri ni klorheksidini. Hushika katika meno na ngozi ya kinywa, ikazuia vijidudu kwa saa nyingi. Lakini ikitumiwa wiki nyingi hutia meno madoa ya kahawia, huharibu ladha ya chakula, na huzidisha ukoga mgumu. Tena mwaka 2017 wataalamu wa Cochrane walipopima majaribio mengi, waliona kwamba hupunguza ukoga sana, bali kwa uvimbe mdogo wa fizi faida yake si kubwa. Kwa hiyo ni dawa ya muda, kwa shauri la tabibu.

Majani nayo tusiyadharau. Karafuu ina eujenoli, itulizayo maumivu na kuua vijidudu. Hata Listerine, iliyoanza Marekani mwaka 1879, ina thimoli, ambayo asili yake ni mmea. Majaribio kadhaa ya mwarobaini na mti wa mswaki yameonyesha uvimbe kupungua. Lakini mengi yalikuwa madogo, ya wiki chache. Tena maji ya majani yachemshwayo nyumbani hayana kipimo: leo makali, kesho mepesi. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza fizi, na mafuta ya mwarobaini yakimezwa na mtoto mchanga ni sumu.

Basi twaamua hivi. Dawa ya kusukutua, iwe ya majani au ya chupani, ni msaidizi tu. Haifiki chini ndani ya fizi, wala haiondoi ukoga uliokwisha kuwa mgumu. Mtendaji mkuu ni mswaki, mara mbili kila siku, hata penye fizi zitokazo damu. Maana wengi huogopa damu wakaacha kusugua, na ugonjwa ukazidi. Watoto walio chini ya miaka 6 wasipewe dawa ya kusukutua, kwa kuwa huimeza.

Nanyi wazazi na waalimu, vitazameni vinywa vya watoto. Damu ikiendelea wiki mbili ijapokuwa meno yasafishwa vema, au usaha ukionekana, au jino likilegea, msingoje: nendeni kwa daktari wa meno. Fizi iliyovimba hupona, bali mfupa wa jino ukiisha kuliwa haurudi, wala kwa jani wala kwa chupa.