Mkono wa mzee ukitetemeka, tusitafute mchawi



Katika Injili ya Yohana sura ya 9, Yesu na wanafunzi wake wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi wanataka kwanza kujua mkosaji ni nani, yeye mwenyewe au wazazi wake.

Swali hilo tunaliuliza mpaka leo. Mkono wa mzee unaanza kutetemeka, hatua zinakuwa fupi, uso unakakamaa, sauti inafifia. Hizo ni dalili za ugonjwa wa Parkinson, ulioelezwa mwaka 1817 na daktari Mwingereza, James Parkinson. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kujongea vizuri, hufa kidogo kidogo. Lakini nyumbani wapo wanaosema amerogwa na wapo wanaosema ni laana ya ukoo. Jirani anaanza kutazamwa kwa jicho baya.

Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, walichapisha matokeo yao mwaka 2008. Wengi wa wagonjwa waliowapata hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa huu.

Sayansi nayo inatafuta chanzo. Mwaka 1982, huko California, Marekani, vijana waliojidunga dawa ya kulevya yenye kemikali iitwayo MPTP walipata ghafla dalili hizi za uzeeni. Ikadhihirika kuwa sumu inaweza kuua chembe zile. Tangu hapo viuatilifu vimechunguzwa sana, na mwaka 2012 Ufaransa iliutambua Parkinson kuwa ugonjwa unaoweza kutokana na kazi kwa wakulima wanaovitumia.

Upande wa vinasaba, mwaka 2023 watafiti waliochunguza watu wenye asili ya Afrika, wengi wao kutoka Nigeria na Marekani, walitangaza badiliko katika jeni ya GBA1. Aliyerithi nakala moja ya badiliko hilo ana uwezekano wa kuugua mara 1.5 zaidi, na mwenye nakala mbili mara 3.5. Hata hivyo, wengi walio nalo hawaugui kamwe.

Hapo ndipo pa kuwa makini. Mtu akisikia neno urithi, atasema, "Si niliwaambia? Ukoo wao ndio ulivyo!" Hapana. Urithi si laana. Hakuna anayechagua jeni zake, na nabii Ezekieli, sura ya 18, anakataa mtoto abebeshwe dhambi za baba yake. Wanafunzi walitafuta wa kulaumiwa, ilhali mtafiti anatafuta mlango wa kumsaidia mgonjwa. Yesu aliwajibu kuwa si huyu wala wazazi wake, kisha akainama, akatengeneza tope, akampaka macho.

Nasi tuna la kufanya. Mzee apelekwe hospitali mapema. Dawa ya levodopa haiponyi ugonjwa, lakini huwapunguzia wengi dalili. Tumwombee, ila mtu asimwambie aache dawa ili aonyeshe imani. Anayepulizia shamba avae glovu, barakoa na mavazi ya kujikinga, na kopo la kiuatilifu lisigeuzwe chombo cha maji. Serikali nayo ihakikishe dawa inafika hadi hospitali za wilaya, maana kumweleza mtu jina la ugonjwa wake halafu akakosa tiba ni kumwacha njiani.

Leo ukitoka kanisani, pita kwa yule mzee ambaye siku hizi haonekani ibadani. Pengine anaona aibu kumwaga chai mbele za watu. Mjazie kikombe nusu, kaa naye, umngoje amalize sentensi yake. Swali la nani alikosa, Yesu alishalijibu.