Vumbi Lililozima Gari la Mirihi

Vijana wakicheza michezo ya kompyuta huona dhoruba za sayari za mbali zikizima magari. Nao huuliza: Je, jambo hilo laweza kutokea kweli? Limekwisha kutokea.

Januari 2004 Wamarekani waliteremsha katika sayari ya Mirihi gari la magurudumu sita, jina lake Opportunity. Halikuwa na dereva wala petroli. Lilikwenda kwa umeme uliotokana na mwanga wa jua. Lilikusudiwa kudumu siku 90 tu. Kumbe lilidumu miaka 14 na zaidi, likatembea kilometa 45, mwendo ambao basi hulimaliza kwa saa moja!

Msidhani kwamba upepo ndio ulioliangusha. Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, kama sehemu moja ya mia ya hewa yetu. Dhoruba yake isingeng'oa hata bati la paa. Adui ni vumbi. Mwaka 2018 vumbi lilitanda sayari nzima, na pale lilipokuwa gari mchana ukawa giza kama usiku. Gari likakosa umeme, na pasipo umeme halikuweza kujipasha moto katika baridi kali ya huko. Tarehe 10 Juni likanyamaza. Mafundi waliliita zaidi ya mara 800. Wapi! Tarehe 13 Februari 2019 wakakata tamaa.

Gari jingine, Curiosity, lilikuwamo katika vumbi hilohilo, likaendelea na kazi. Hilo halitegemei jua. Umeme wake hutoka katika joto la madini ya plutoniamu.