Babu Hakuwa Ignatius

Malenga wenzangu, wiki mbili zilizopita ndugu zangu hapa Dakawa waliniomba nitunge tanzia ya babu yetu, isomwe siku ya arobaini yake. Nikachagua kina cha mwisho: si. Inyasi, nafasi, kiasi, wasiwasi. Jina lake liliniletea ubeti kabla sijashika kalamu. Nilipowasomea, binamu yangu alinisimamisha. "Kaka, rekebisha hapo. Jina sahihi ni Ignatius. Na msalabani tutaandika hivyo."

Neno hilo, "sahihi", ndilo linalonikosesha usingizi.

Inyasi si kosa la tahajia. Ni jina lililopokelewa kwa sikio. Mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, kisha wakaingia bara hadi Mhonda na Morogoro. Mfaransa akilisoma jina Ignace hatamki g; herufi hizo mbili, gn, huzilainisha zikawa ny yetu ya nyumba na nyasi. Wazee wa Uluguru walisikia Inyas, wakaliongezea irabu ambayo Kiswahili huipenda mwishoni mwa neno, basi. Karoli naye ametoka katika Carolus ya Kilatini, na Ludoviko katika Ludovicus. Kwa Kiarabu tulikwisha kufanya hivyo zamani zaidi: Uthman akawa Athumani, Khamis akawa Hamisi, na sijamsikia mtu akimwambia Athumani kwamba jina lake limeharibika.

Tena huyo Ignatius tunayeambiwa kuwa ndiye asili, asili yake ni ipi? Warumi walikuwa na ukoo ulioitwa Egnatius. Baadaye herufi ya kwanza ilibadilishwa ili jina lifanane na ignis, yaani moto. Naye mtakatifu wa Loyola, aliyelieneza jina hilo duniani, alibatizwa Íñigo kwao Basque. Ignatius alijiita ukubwani. Ile ñ ni ny yetu. Kwa sikio, basi, babu yangu alikuwa jirani wa mtakatifu kuliko binamu yangu anavyodhani! Ulaya nzima imejaa majina yaliyofinyangwa namna hii. Yohanani wa Kiebrania alifika Ufaransa akaitwa Jean, Italia Giovanni, Urusi Ivan, na Wajerumani wakamkata kichwa Johannes, wakabaki na mkia wake, Hans. Nasi majumbani Yosefina humwita Fina, na Kristina Tina. Hakuna anayemtaka Hans ajisahihishe.

Kama shauri lingekuwa la mashairi tu, ningenyamaza. Lakini kwetu jina la babu ndilo jina la tatu la mjukuu. Baadhi yetu tumesajiliwa kwa Inyasi, wengine kwa Ignatius, kutegemea mwalimu aliyetuandikisha shule. Tumbo moja, koo mbili za karatasi. Mimi mwenyewe niliwahi kurudishwa na karani wa ofisi moja nikale kiapo kwamba Inyasi na Ignatius ni mtu mmoja. Niliapa, nikalipa, na cheti cha ubatizo cha babu kilikuwa mfukoni mwangu muda wote, kimeandikwa kwa wino wa padre: Inyasi.

Dakawa inaujua uzito wa jina. Miaka ya 1980 waliishi hapa wakimbizi wa Afrika Kusini chini ya chama cha ANC, na wengi wao walitumia majina ya bandia ili maadui wasiwafuatie ndugu zao walioachwa nyumbani. Wale walikuwa na adui. Sisi tunamkimbia nani?

Najua nitatupiwa jiwe la Shaaban Robert. Malenga mkuu kuliko wote, na jina lake la pili ni la Kijerumani cha kale, lenye maana ya sifa ing'aayo, nalo linaishia kwa konsonanti bila aibu. Nakubali. Mwenyewe aliliandika Robert, nasi tuliandike Robert. Babu yangu, aliyeshuka kutoka milimani kuja kulima mpunga Dakawa, aliliandika lake Inyasi kwenye magunia, kwenye mpini wa jembe, na ndani ya jalada la kitabu chake cha sala. Haki aliyopewa malenga ndiyo ninayomdai mkulima.

Tena wenzangu hebu hesabuni. Inyasi ana mizani tatu, hazigombaniwi. Ignatius ana ngapi? Niliwauliza malenga wawili, nikapata majibu mawili.

Arobaini ni Jumamosi hii. Binamu bado ananuna, ingawa jana alikuja kuuliza kama ubeti wa tatu umekamilika. Fundi wa msalaba alitaka karatasi yenye jina la marehemu. Nimemwandikia herufi sita.